Ritifaa

Mwezi wa kwanza sikupewa kiti.
Nilikalia kreti la soda, ghorofani, juu ya duka la magodoro
karibu na Rindi Lane. Bi Aikande akanisukumia simu
yenye kioo kilichopasuka, akasema: Iharibu.

Nikadhani ananitania.
Nyumbani Pasua nililelewa kwa neno moja, usiguse:
usiguse redio, usiguse sahani za wageni.
Na leo ninapewa nauli na chakula cha mchana
ili niguse kila kitu vibaya.

Programu yenyewe ni ya ushirika wa kahawa:
jina la mkulima, kilo, bei, tuma.
Nikaandika kilo sifuri. Ikakubali.
Nikaandika hasi kumi na mbili. Ikakubali,
ikamshukuru mkulima kwa kilo alizotunyang'anya.
Nikabonyeza "tuma" mara tisa, kama mtu
mwenye mtandao wa kusuasua na mvua inamnyeshea,
naye akalipwa mara tisa.
Gadiel, aliyeiandika, akavua miwani:
Nani atafanya hivyo?
Bi Aikande hakuinua kichwa. Mtu aliyechoka, akasema.
Siku ya soko. Mwenye mtoto mgongoni.

Mama yangu amechambua buni miaka kumi na minane.
Anakaa mbele ya mkanda, kiwandani,
vidole vyake vinamwona ruhuka kabla ya macho:
tundu kama ncha ya sindano,
nje punje nzima, ndani unga mtupu.
Nilipomweleza kazi yangu alicheka hadi kanga ikafunguka.
Kumbe nimekusomesha uje uchambue kama mimi!
Kisha, kwa makini: Na punje mbovu mnazitupa wapi?

Hatuzitupi, Mama. Tunaziandika.
Nilichofanya. Nilichotarajia. Kilichotokea.
Mistari mitatu, bila hasira.
Mara ya kwanza niliandika "mfumo mbovu kabisa",
Bi akanirudishia: Huo ni umbea. Ulibonyeza nini?

Tangu hapo naiona mistari mitatu kila mahali.
Nilichofanya: nilirudia mtihani wa hesabu mara mbili.
Nilichotarajia: chuo, na Baba kupiga simu.
Kilichotokea: kreti la soda.
Bi angesema, ongeza tarehe.

Wiki ya sita tukamwalika mkulima wa kweli,
bibi mmoja kutoka Kibosho, viatu vina udongo mwekundu.
Tukampa simu aandike jina lake mwenyewe.
Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi,
N, g, kisha ile alama ndogo,
ritifaa, aliyochapwa utotoni kwa kuisahau,
kisha ondi.
Programu ikaganda. Ikafa.
Akakitazama kidole chake kana kwamba ndicho chenye kosa.
Samahani, akasema. Nimewaharibia.

Mimi nilikuwa nimejaribu majina mia:
Shirima, Tesha, Lyimo, Kiwelu,
majina mia yasiyo na mkwaruzo, jirani za jina langu.
Sikuwaza kwamba mtu mzima
aweza kukataliwa mlangoni
kwa kitone kinachoning'inia hewani.

Nilichofanya: nilimsahau.
Gadiel alirekebisha jioni ile ile, kwa mstari mmoja.
Lakini bibi alikuwa ameshapanda gari la Kibosho,
na ile samahani yake sikupata kisanduku cha kuiandikia
ili nayo ifungwe, iwekewe alama ya kijani.

Sasa nina kiti. Mguu mmoja mfupi;
nimekijaribu pande zote.
Dirishani mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Si kasoro hiyo, anasema Bi Aikande, ndiyo tabia yake.
Nami kila asubuhi, kabla ya jina lingine lolote,
kabla hata ya chai:
Ng'ondi. Tuma.
Nangoja.